Pasaka Haiishi Jumatatu: Dhana Potofu Kuhusu Ufufuko

Hapa Nairobi, Pasaka huonekana zaidi siku ya Ijumaa Kuu, waumini wanapobeba msalaba barabarani na kusimama kituo baada ya kituo hadi cha 14. Jumapili huwa na shangwe yake, lakini kufikia Jumatatu jioni wasafiri wanaorejea kutoka mashambani huwa tayari wanawaza nauli na karo, na wengi hudhani sikukuu imekwisha. Sivyo. Kwaresima, kipindi cha toba kabla ya Pasaka, ni ya siku 40, ilhali kipindi cha Pasaka ni cha siku 50, hadi Pentekoste. Furaha imetengewa muda mrefu kuliko toba, jambo ambalo mahubiri yetu hayalisemi vya kutosha.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba kufufuka kwa Yesu ni sawa na kule kwa Lazaro, rafiki yake ambaye yeye mwenyewe alimfufua. Lazaro alitoka kaburini akiwa bado amefungwa sanda, ikabidi wengine wamfungue, naye akarudia maisha yaleyale ambayo mwisho wake ni kaburi. Yesu, kwa mujibu wa Yohana 20, aliviacha vitambaa vyake kaburini, na katika Warumi 6 Paulo anasisitiza kwamba Kristo hafi tena. Hata hivyo hakuwa mzimu, kwa maana Luka anasimulia kwamba alikula samaki mbele ya wanafunzi wake. Ni mwili uleule, lakini mauti hayaudai tena.

Kutokana na hilo, ni kosa kudhani kwamba tumaini la Mkristo ni roho kuuacha mwili na kwenda mbinguni, basi. Imani ya Mitume, ambayo wengi wetu huikariri ibadani, hutaja ufufuko wa mwili. Ndiyo maana kumlisha mwenye njaa na kumuuguza mgonjwa si shughuli za pembeni za kanisa.

Wapo pia wanaomwambia mfiwa katika matanga kwamba machozi ni upungufu wa imani. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwataka wasihuzunike kama watu wasio na matumaini, na tofauti hiyo ni kubwa. Isitoshe, Yesu mfufuka alimwonyesha Tomaso alama za misumari. Ushindi haukuyafuta mateso yaliyopita, kwa hiyo anayeahidi Pasaka isiyo na makovu anaahidi asichoahidi Injili.

Wengine huuona ufufuko kuwa habari ya baada ya kifo tu. Wakorintho wa Kwanza 15, sura ndefu ya aya 58 juu ya wafu na kufufuka kwao, inaishia kwa kuwahimiza waumini wazidi katika kazi ya Bwana, wakijua kwamba taabu yao si ya bure. Sura inayofuata inaanza papo hapo na habari za changizo kwa ajili ya waumini wa Yerusalemu.