Wiki ya Maridhiano Australia: yanayosemwa jukwaani na ukweli wake

Kila mwaka, kuanzia 27 Mei hadi 3 Juni, shule, manispaa, makanisa na sehemu za kazi nchini Australia huadhimisha Wiki ya Taifa ya Maridhiano kati ya wenyeji wa asili, yaani Waaborijini na watu wa visiwa vya mlangobahari wa Torres, na raia wengine. Ngoma, hotuba na chai kwa kawaida huenda vizuri. Kinachoharibika ni yale yanayosemwa kwenye kipaza sauti, na nani amepewa ayaseme.

"Waaborijini walipewa kura mwaka 1967."
Hili hurudiwa kuliko yote, hata na wakubwa. Haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho ilikamilika mwaka 1962, na Queensland, jimbo la mwisho, ikaikubali katika chaguzi zake mwaka 1965. Kura ya maoni ya 27 Mei 1967 ilihusu katiba. Ilifuta maneno ya ibara ya 51(xxvi) yaliyolizuia bunge la shirikisho kuwatungia sheria maalumu Waaborijini walioishi majimboni, ikafuta na ibara ya 127 iliyowaacha nje ya hesabu ya watu. Takriban asilimia 91 waliafiki. Kuna na uvumi kwamba hapo awali walitawaliwa na sheria ya mimea na wanyama. Sheria hiyo haikuwahi kuwepo. Zilizokuwepo zilikuwa kali vya kutosha bila kuongezewa chumvi.

"Hukumu ya Mabo iliwarudishia ardhi yote."
Hukumu hiyo ya Mahakama Kuu ya Australia, ya 3 Juni 1992, ambayo ndiyo inayofunga wiki, ilikataa hoja kwamba ardhi ilikuwa haina mwenyewe Waingereza walipofika. Lakini haki ya wenyeji juu ya ardhi yao ya jadi hutambuliwa pale tu ambapo jamii bado imeshikamana na ardhi yake kwa mila, na serikali haijaifuta haki hiyo, kwa mfano kwa kuwamilikisha wengine moja kwa moja. Viwanja vya watu mijini havikuguswa. Eddie Koiki Mabo mwenyewe, aliyefungua kesi hiyo, alifariki Januari 1992, miezi michache kabla ya ushindi. Alikuwa Mmeriam wa kisiwa cha Mer, katika mlangobahari wa Torres, kwa hiyo ukumbi unaopambwa kwa bendera ya Waaborijini peke yake umemwacha nje.

"Yeyote anaweza kuwakaribisha wageni."
Hapa ndipo waandaaji wengi hujikwaa. Kuwakaribisha wageni rasmi kwenye ardhi, mwanzoni mwa hafla, ni haki ya wenye ardhi ya mahali hapo hasa. Hata mzee Mwaborijini anayeheshimika, kama ametoka kwingine, hawezi kufanya hivyo. Mwingine yeyote, awe mkuu wa shule au mhamiaji, anaruhusiwa tamko fupi la kuwatambua wenye ardhi na kuwapa wazee wao heshima. Sentensi mbili tatu zinatosha. Litaje taifa lenyewe kwa jina, na ujifunze kulitamka kabla ya siku hiyo.

Kumpata mkaribishaji, anza na baraza la ardhi la eneo au manispaa. Piga simu miezi kabla, maana wiki hiyo wazee walewale wanaitwa kila mahali. Kubalianeni malipo na usafiri mapema. Hii ni kazi ya kitaalamu, na kumpa mzee shukrani na kikombe cha chai tu ni kumdhulumu. Mweke wa kwanza kwenye ratiba. Kumkaribisha mgeni baada ya hotuba tatu hakuna maana.

"Moshi ni pambo."
Tambiko la moshi ni tendo la kutakasa mahali na watu, na huongozwa na wenyeji. Majani mabichi, mara nyingi ya mkaratusi, huwekwa juu ya moto mdogo kwenye chombo cha chuma. Yakikauka hutoa miali badala ya moshi. Ukiufanya ndani, king'ora cha moto kitalia, basi tafuta uwanja, angalia upepo, weka ndoo ya maji karibu na uombe kibali cha moto.

"Didgeridoo ni ya Waaborijini wote."
Ala hii ndefu ya mti, inayopigwa kwa kupulizwa, asili yake ni kaskazini. Bara hili lilikuwa na lugha zaidi ya 250, na kusini-mashariki walicheza kwa vijiti vya kugonganisha. Waulize wenyeji wanapiga nini.

"Bendera zote mbili ni huru kuchapwa."
Ile ya Harold Thomas ya 1971, nyeusi juu, nyekundu chini, duara la njano katikati, hakimiliki yake ilinunuliwa na serikali mwaka 2022, hivyo unaweza kuiweka kwenye fulana. Ile ya visiwa vya Torres, iliyobuniwa na Bernard Namok mwaka 1992, bado inahitaji ruhusa ya baraza la visiwa hivyo.