Wikendi kwenye Ghuba ya Mwanza kwa boti ndogo ya tanga: anza na mahali pa kulala

Ukiwa na boti ya tanga ya mita tano hivi, inayovutwa na gari la kawaida, Ziwa Victoria linakupa siku mbili za safari bila kuhitaji bandari. Lakini wengi huipanga safari hiyo kinyume. Wanaanza na mahali pa kwenda: kisiwa fulani, ufukwe fulani. Mimi naanza na mahali pa kulala Jumamosi, kisha narudi nyuma saa kwa saa mpaka kwenye muda wa kushusha boti majini. Upepo wa ziwa hili una ratiba yake, na ratiba hiyo haibembelezwi.

Hesabu za hapa nimezifanya kwa boti ya aina ya Wayfarer, iliyochorwa na Ian Proctor wa Uingereza mwaka 1957: urefu mita 4.82, upana mita 1.85, ganda lake kilo 169. Chini ina ubao wa kati unaopanda na kushuka, kazi yake kuzuia boti isisukumwe ubavu. Ukiupandisha, boti inaelea kwenye maji ya sentimita 20. Ukiushusha wote, inataka zaidi ya mita moja. Mwaka 1963 Frank Dye na mwenzake waliiendesha boti ya aina hii kutoka Scotland hadi Iceland, kwa hiyo chombo chenyewe hakina neno. Kinachoponza watu ni mpango.

Ratiba ya upepo

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi hupanda, na ya ziwani huja kushika nafasi yake. Kwa kuwa Mwanza iko kusini mwa ziwa, upepo huo hutoka kaskazini au kaskazini-magharibi. Huanza kama saa 5 au saa 6 mchana, hupata nguvu kati ya saa 8 na saa 10, kisha hulegea jua likikaribia kuzama.

Usiku mambo hugeuka. Nchi inapoa, maji yanabaki na joto, na upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Sasa fikiria kwamba jambo hilo linatokea pande zote za ziwa kwa wakati mmoja. Pepo hizo zinakutana juu ya maji, hewa yenye unyevu haina pa kwenda isipokuwa juu, na hapo ndipo mawingu ya radi yanapozaliwa. Ndiyo maana dhoruba za juu ya ziwa huja zaidi kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi, wakati zile za nchi kavu hupenda alasiri. Mtu wa bara anayeogopa mawingu ya jioni akapuuza ya alfajiri amekosea ziwa.

Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo ninayoipendelea: mvua chache, na upepo wa kusini-mashariki wa asubuhi huwa wa kutegemewa zaidi. Masika, Machi hadi Mei, sishauri kulala ndani ya boti ndogo hata kidogo. Safari ya mchana tu, ukirudi kwenye trela kabla ya giza.

Ghuba ya Mwanza inaingia kusini karibu kilomita 60, na upana wake ni kati ya kilomita 2.5 na 11. Ni kama mfereji uliolazwa sawasawa na upepo wa mchana. Hapo ndipo mtego ulipo. Jumamosi saa 7 mchana unafungua matanga, upepo uko mgongoni, boti inakwenda kilomita 7 au 8 kwa saa, na ndani ya saa tatu umeshuka kilomita 20 kusini bila jasho. Jumapili saa 7 mchana unataka kurudi, na upepo ni uleule, safari hii usoni. Itabidi ubishe, upande upepo kwa kukata huku na huku, na kwenye mawimbi mafupi ya ghuba hii boti ya mita tano haisogei mbele zaidi ya kilomita 4 kwa saa. Kilomita 20 ni saa tano za kulowa. Jua linazama karibu na saa 1 usiku, mwaka mzima, na giza la hapa haliji polepole.

Jawabu ni moja kati ya mawili. La kwanza, Jumamosi nenda kaskazini, upande wa mdomo wa ghuba, ukianza asubuhi kwa upepo wa nchi kavu, ili Jumapili mchana urudi na upepo mgongoni. La pili, kama ni lazima ushuke kusini, usizidi kilomita 10 hadi 12, na Jumapili uondoke asubuhi, mbingu ikishakuwa safi, umalize sehemu kubwa ya njia kabla upepo haujageuka. Mimi huchagua la kwanza kila linapowezekana. Katikati, kama saa 4 hadi saa 5, hutokea utulivu kamili. Hapo mashine ya nguvu farasi 2.5 inatosha, na lita 5 za petroli ni akiba ya kutosha. Beba pini ya akiba ya propela na makasia mawili. Magugu maji na nyavu hazichagui mashine.

Nanga: chagua kwa upepo wa usiku

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la saa 11 jioni. Upepo bado unatoka kaskazini, kwa hiyo mtu anajificha kusini mwa kisiwa, maji yametulia kama ya beseni, anatia nanga karibu na mawe na kupika. Saa 5 usiku upepo wa nchi kavu unaanza kutoka kusini. Boti inazunguka, na sasa tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, inaangalia mawe. Dhoruba ikija saa 9 usiku, hana nafasi ya kurudi nyuma hata mita kumi.

Tafuta hori, yaani ghuba ndogo, lililofungwa pande nyingi iwezekanavyo, lenye nchi upande wa kusini na kusini-mashariki, na kisiwa au rasi upande wa kaskazini ili mawimbi ya dhoruba yasipate umbali wa kukua. Fika saa 10 jioni, siyo baadaye, uweze kuuona mwamba chini ya maji na kubadili mawazo kukiwa bado na mwanga.

Kamba ya nanga huhesabiwa hivi: kina cha maji jumlisha kimo cha omo (sehemu ya mbele ya boti) kutoka majini, mara saba. Maji ya mita 2.5 na omo ya mita 0.6 ni mita 3.1, mara saba ni karibu mita 22. Kwa chakula cha mchana mara tano inatosha. Boti itazunguka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha karibu mita 27, kwa hiyo hesabu umbali wa mawe na wa boti nyingine kwa kipimo hicho, siyo kwa pale boti ilipo wakati huo.

Mimi hubeba mita 40 za kamba ya nailoni ya milimita 10, mita 4 za mnyororo, na nanga ya majembe mawili bapa ya kilo 4 au 5. Kamba za plastiki za bluu na njano zinazouzwa kila duka la vifaa vya uvuvi hazifai kazi hii: zinaelea, hazinyumbuki boti inaporuka, na jua linazila. Nanga ya makucha inashika vizuri kwenye mawe lakini kwenye tope la hori inalima tu. Kwa kuwa chini ya Mwanza huwezi kujua lini tope linaishia na granaiti inaanza, funga kamba nyembamba kwenye kichwa cha nanga, na juu yake chupa tupu ya lita moja. Nanga ikinasa, vuta kwa kamba hiyo na itatoka kinyumenyume.

Ukishatia, rudisha boti nyuma kwa mashine hadi kamba ikaze, kisha linganisha vitu viwili nchi kavu, mti na nyumba kwa mfano. Vikiachana, nanga inaburuta.

Usilale bila taa nyeupe inayoonekana pande zote, iliyopandishwa juu. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku na hawatarajii kukuta chombo pale. Lakini taa ya ndani izime: vijidudu vya ziwani hutoka kwa mawingu, zaidi karibu na mwezi mwandamo, na mwanga mmoja unatosha kuviita vyote. Chandarua chini ya turubai si anasa, malaria iko hapo hapo.

Trela na mteremko

Boti, mizigo ya watu wawili na trela hufika kilo 450 hadi 500. Uzito wa shingo ya trela inapokaa kwenye gari uwe kilo 30 hadi 40. Pima kwa mizani ya kupimia watu. Ukiwa mdogo, trela inaanza kuyumba ukiongeza mwendo, na dawa yake ni kusogeza mizigo mbele, siyo kukaza mikanda. Kaza mikanda miwili tu juu ya ganda, na chini yake weka vipande vya zulia. Matuta ya barabarani yapite kwa mwendo wa mguu. Baada ya kilomita 20 za kwanza, simama ukaze tena.

Beringi za magurudumu hufa kwa sababu moja. Zimetoka barabarani zikiwa za moto, unazizamisha kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupita sili. Grisi inageuka nyeupe kama maziwa, na safari ya tatu au ya nne gurudumu linakwama njiani. Subiri hadi uweze kushika kikombe cha gurudumu kwa kiganja bila kuungua, ndipo ushuke. Ukiweza, usizamishe ekseli kabisa.

Kabla ya kusimamisha mlingoti, tazama juu. Mialo mingi, yaani mahali pa kushushia boti, ina nyaya za umeme zilizopita chini, na mlingoti wa aluminiamu una urefu wa kuzifikia. Tazama pia njia yote kati ya pale unaposimamishia mlingoti na maji. Hili lirudie kila safari, hata kwenye mwalo unaoujua, maana nguzo huongezwa.

Vizibo vya matangi ya hewa vikazwe kabla boti haijagusa maji. Boti ikipinduka bila vizibo, haisimami tena.

Mweleze kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) wa mwalo huo unakwenda wapi na unarudi lini, na uulize ni wapi nyavu zimetegwa. Taarifa zake ni bora kuliko ramani yoyote ya simu.

Kupunguza tanga

Upepo wa mgongoni unadanganya. Ukivuma kilomita 25 kwa saa na wewe ukienda 8, unausikia kama 17. Geuka kuukabili na unakuwa kama 30. Kwa hiyo punguza tanga kabla ya kugeuka. Alama yangu ni vichwa vyeupe vya mawimbi: vikianza kuonekana kila upande, nakunja mkunjo wa kwanza. Mpangilio ni huu: legeza demani (kamba ya kuongozea tanga), shusha henza (kamba ya kupandishia tanga) hadi tundu la mkunjo lifike kwenye ndoana ya mbele, funga mbele kwanza, kaza henza, kisha vuta kona ya nyuma kwa nguvu chini na nyuma. Ukianza na nyuma, tanga linapasuka kwenye mshono.

Ukiona wingu jeusi lenye ukingo kama godoro lililokunjwa, upepo ukafa ghafla kisha hewa ya baridi ikakugusa, una dakika chache. Shusha matanga yote na uyafunge. Kama maji hayazidi mita kumi, tia nanga hapo hapo na kamba yote. Jaketi okozi liwe limeshavaliwa tangu nchi kavu. Kaa chini, mbali na mlingoti na nyaya zake. Utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wa Ziwa Victoria usome Ijumaa usiku na tena kabla ya kuondoka. Ukitaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa, boti ibaki kwenye trela.

Miamba, nyavu na kichocho

Kina cha ziwa hubadilika. Maji yalipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, na miamba iliyokuwa ikionekana ikafunikwa. Karibu na mawe yoyote, pandisha ubao nusu na mtu mmoja asimame omoni. Nyavu za sangara huonyeshwa na maboya ya plastiki au chupa. Pita katikati ya maboya mawili, palipolegea, ubao na usukani vikiwa juu na mashine imezimwa. Usikate wavu wa mtu.

Kichocho hukaa kwenye maji tulivu ya kina kifupi yenye majani, walipo konokono, na vimelea vyake huwa vingi zaidi mchana wa jua kali. Vaa gumbuti wakati wa kushusha na kupandisha boti, jikaushe mara ukilowa, na miezi miwili baadaye kapime. Kikionekana, dawa yake ni praziquantel. Mafunjo na matete yaepuke pia kwa sababu ya viboko, hasa alfajiri na magharibi. Maji ya kunywa ni lita 4 kwa mtu kwa siku, kutoka nyumbani.

Jumapili jioni, kabla ya kuondoka mwaloni, fungua vizibo, inamisha boti maji yote yamwagike, kisha pitisha mkono ndani ya nafasi ya ubao wa kati, chini ya trela na kwenye propela. Kipande cha gugu maji cha urefu wa kidole kikifika hai kwenye bwawa lingine, kinaota.