Je, wajua kwa nini mtungi mbichi huporomoka majini hata ukiwa mkavu?

Wasanii wa utendaji, yaani wale ambao kazi yao ni kitendo chenyewe mbele ya watazamaji, wanaupenda sana udongo usiochomwa. Mwaka 2006 mjini Avignon, Ufaransa, mchoraji Miquel Barceló wa Hispania, ambaye aliujua udongo wa ufinyanzi nchini Mali, alishirikiana na mcheza dansi Josef Nadj kuushambulia ukuta mzima wa udongo mbichi, wakiutoboa kwa mikono na kujivika vyungu laini vichwani. Mwaka 2017 mjini London, Phoebe Cummings alisimamisha chemchemi ya udongo usiochomwa, ambayo ililiwa kidogo kidogo na maji yake yenyewe. Kabla yao, Ladi Kwali wa Nigeria alikwisha kuufanya ufinyanzi wenyewe kuwa tamasha: alifinyanga mbele ya hadhara huko Uingereza na Marekani, bila gurudumu, akiuzunguka mtungi kama mcheza ngoma, na leo picha yake imo katika noti ya naira 20.

Anayetazama kazi kama ya Cummings akiwa amekulia Pemba, ambako ndoo ya plastiki na sufuria vimekwisha kuchukua nafasi ya mtungi na chungu katika nyumba nyingi, huenda akajiuliza swali dogo kuliko yote: mbona mtungi wa bibi ulikaa na maji miaka na miaka, na chombo hiki, cha udongo uleule, kinageuka tope mbele ya macho yetu?

Jibu langu la utotoni lilikuwa jepesi, nami nililiamini kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kukiri. Nilidhani moto wa mfinyanzi ni jua lililoharakishwa. Udongo una maji, maji yakitoka unakuwa mgumu, na moto huyatoa upesi zaidi. Basi mtungi uliokaa juani siku za kutosha hauna haja ya moto. Nyumbani kwetu karafuu zilianikwa kwenye majamvi hadi zikawa kavu za kuvunjika, wala hakuna aliyezichoma. Kwa nini mtungi uwe tofauti?

Nadhani lililonipoteza ni neno. Mfinyanzi huuita mtungi usiochomwa “mbichi”, na neno hilo kwetu lina maana mbili. Nguo mbichi ni nguo ambayo haijakauka. Nyama mbichi ni nyama ambayo haijaiva. Mimi nilisikia maana ya nguo. Kwa hiyo siku moja nilichukua mtungi wa bibi mzaa mama uliokuwa umeanikwa muda mrefu, mkavu kiasi cha kulia ukigongwa kwa ukucha, nikaujaza maji hadi shingoni ili nimwonyeshe kwamba umekwisha kuwa tayari. Kwanza zilisikika sauti ndogo, kama za mtu anayetafuna bisi chumba cha pili. Vipovu vikapanda. Kisha kitako kikafunguka, na maji yakatoka yakiwa rangi ya chai ya maziwa. Bibi alitazama bila kupandisha sauti. “Mbichi ule, mjukuu wangu,” akasema, nami nikamjibu, kwa ujuvi wa utoto, kwamba ulikuwa mkavu. Sote wawili tulikuwa tukisema kweli.

Jambo ambalo bado hunifurahisha ni kwamba ukavu ule ndio ulioniponza. Mtungi mbichi wenye unyevunyevu kidogo huyastahimili maji kwa muda mrefu kuliko mtungi mbichi uliokauka kabisa. Ukiutazama udongo kwa ukaribu wa kutosha, utakuta umejengwa na vijisahani vyembamba mno, mfano wa pakiti ya karata. Karata zikiloa huteleza moja juu ya nyingine, na ndiyo sababu udongo wenye maji hufinyangika. Zikikauka hushikana, lakini kushikana huko ni kwa kugusana tu, hakuna karata iliyoshonwa kwa mwenzake. Maji yaliyotoka huacha nyuma vijitundu vilivyojaa hewa. Ukimimina maji, hunyonywa na vijitundu hivyo kwa kasi kutoka pande zote, hewa iliyonaswa katikati hubanwa, na mahali pa kutokea isipopata huupasua udongo kutoka ndani. Biskuti kavu ikichovywa katika chai hufanya vivyo hivyo, na zile sauti za kutafuna nilizozisikia zilikuwa za upasukaji huo. Kusema kweli, neno kuyeyuka linapotosha: chumvi huyeyuka, udongo husambaratika, na ukiuacha utulie utaukuta wote chini ya chombo.

Moto hufanya kazi nyingine kabisa. Ndani ya vijisahani vyenyewe, mbali na maji ya kukandia, mna oksijeni na hidrojeni zilizofungwa katika madini. Hazilowanishi chochote, na jua halizifikii hata likiwaka mwaka mzima. Katika kaolini safi, yaani udongo mweupe wa ufinyanzi, zikitolewa kama maji, hufikia takriban asilimia 14 ya uzito. Kuzitoa kunahitaji joto la kati ya nyuzi 450 na 600 za Selsiasi, kwa kutegemea aina ya udongo, na zikitoka, vijisahani hupoteza mpangilio wao na kufungamana upya. Hapo karata zimeshonwa. Yai lililochemshwa halirudi kuwa bichi kwa kuwekwa mahali pa baridi, na mtungi uliochomwa haurudi kuwa tope kwa kutiwa maji. Rundo la kuni, makuti na makumbi lililowashwa uwanjani, bila tanuri, hulifikia joto hilo.

Mfano wa yai, hata hivyo, una mipaka yake. Gae la kale hurudisha unyevu wa hewa katika madini yake, kwa mwendo wa karne, na mwaka 2009 watafiti wa Manchester walipendekeza kuupima umri wa vigae kwa njia hiyo. Pendekezo linavutia, ila maabara nyingine zilizolijaribu zimepata matokeo yasiyolingana. Vilevile, katika visiwa vya matumbawe kama vyetu, udongo unaweza kuwa na punje za chokaa. Moto ukizidi sana punje hizo huungua, kisha hunyonya unyevu, huvimba na kuubandua ukuta wa chungu siku kadhaa baada ya kuchomwa. Kwa udongo wa namna hiyo, moto wa wastani wa uwanjani unaweza kuwa salama kuliko tanuri kali.

Hata hivyo, vigae vya Unguja Ukuu, mji wa kale kisiwani Unguja, vilivyochomwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, bado vinafukuliwa vikiwa na michoro iliyokwaruzwa na mfinyanzi kabla ya moto.

Mtungi wangu haukupotea. Bibi aliuacha ule uji utuame, akamwaga maji ya juu, akausubiri ushikamane, kisha akaukanda upya pamoja na mchanga. Ulipokuwa mtungi tena aliuanika kivulini, na siku ya kuchoma nilitumwa mimi kukusanya makumbi.