Hapana, visukuku vya nano havipimwi kwa nanomita

Rasimu yangu kuhusu visukuku vya nano, yaani mabaki ya vibamba vya chokaa vya mwani wadogo mno wa baharini, imerudi tena kutoka kwa mhariri. Kila palipoandikwa "nanno" n moja imekatwa, na pembeni nimewekewa agizo: ukubwa wa visukuku uandikwe kwa nanomita. Wahandisi wa visima wameshaniambia hivyohivyo, wanafunzi nao kila mwaka. Sasa naandika mara moja, atakayeuliza tena nimpe kiungo.

Nano ni Kigiriki cha kale, maana yake kibete. Basi. Hakuna tarakimu humo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Hans Lohmann, Mjerumani, aligundua kwamba nyavu za hariri za kukusanyia planktoni, viumbe wanaoelea majini, zinapitisha viumbe chungu nzima. Aliwakuta kwenye vichujio vya apendikularia, mnyama mdogo wa baharini anayejijengea nyumba ya ute yenye chujio laini kuliko nyavu za maabara za enzi hizo. Baadaye akawa anayazungusha maji ya bahari kwenye sentrifuji na kuchunguza kilichotuama. Vibete hao akawaita nannoplanktoni, kwa n mbili, na visukuku vyetu vimepata jina hapo. Nano kuwa sehemu moja ya bilioni kulipitishwa na Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani mwaka 1960. Teknolojia ya nano ni neno la Norio Taniguchi wa Japani, mwaka 1974. Anayetusahihisha anataka babu arithi jina la mjukuu.

Kuhusu n mbili sipigani sana. Wagiriki waliandika kwa namna zote mbili, Kilatini kikachukua n moja, sisi tumebaki na ya Lohmann kwa mazoea. Lakini nanomita, hapana! Kwa mgawanyo wa leo, nanoplanktoni wana mikromita 2 hadi 20, yaani nanomita 2,000 hadi 20,000. Walio chini yao, wa mikromita 0.2 hadi 2, wanaitwa pikoplanktoni, na piko kwenye vipimo ni sehemu moja ya trilioni. Ukitaka kuwapima kwa pikomita, karibu, ila sifuri utaziandika mwenyewe.

Tena kisukuku cha nanomita chache ningekionaje? Mawimbi ya mwanga tunaouona yenyewe yana nanomita 400 hadi 700 hivi. Mimi natumia hadubini ya kawaida ya mwanga, lenzi ya mafuta, ukuzaji mara 1,000. Nakwangua chembe ya mwamba, naipaka kwenye kioo kwa kijiti cha meno na tone la maji, nakausha, nabandika kifuniko. Nikipishanisha polaraiza mbili (vichujio vya mwanga), uwanja wote unakuwa giza na kokolithi, ndivyo vile vibamba vya chokaa, zinang'aa, kila moja na msalaba wake mweusi. Miamba ya Kilwa hadi Lindi ni raha kwa kazi hii, maana mfinyanzi wake haupitishi maji kirahisi na visukuku vimehifadhika vizuri ajabu.

Kipimo kinachoninyima usingizi ni kingine, na vitabu hukipitia kwa mstari mmoja. Reticulofenestra umbilicus, spishi mojawapo ya visukuku hivi, tunaitenga na ndugu zake wadogo kwa ukubwa: ikizidi mikromita 14 ni yenyewe. Ilitoweka mwanzoni mwa Oligosini, kipindi cha kijiolojia kilichoanza miaka milioni 34 hivi iliyopita, kwa hiyo pale inapoishia kwenye kisima ni alama ya umri wa mwamba. Sawa. Ila kwenye slaidi ukubwa unapanda taratibu, 12, 13, 14, 15, bila pengo lolote. Ya 13.8 ni spishi nyingine? Gusa kidogo skrubu ya fokasi, ukingo umesogea na spishi imebadilika mkononi mwako. Wakati mwingine kinachofanana na kutoweka huenda ni jamii ileile iliyodumaa kidogo. Sina hakika kwamba bahari iliwahi kuujua mstari wa 14. Naufuata kwa sababu wenzangu wanaufuata, na umri nitakaoutoa mimi lazima uweze kulinganishwa na wao.