Ukitaja GET na POST, umeacha mlango wazi

Juzi nimefungua tena web.xml (faili la mipangilio ya programu ya wavuti ya Java) yenye kosa lilelile, safari hii katika mfumo wa saccos moja hapa Moshi. Kijana aliyeuandika alinihakikishia: "Kaka, kurasa za admin nimezifunga zote, GET na POST zimo."

Zimo, na hapo ndipo shimo lilipo. Ukitaja GET na POST (njia za kutuma ombi la HTTP) kwenye http-method, mistari ya sharti la usalama ndani ya web.xml, umeiambia kontena (seva inayoendesha programu) kwamba sharti hili linahusu njia hizo mbili tu. Zilizobaki zinapita bila kuulizwa nenosiri. Kila mara nakuta mtu anaisoma orodha ile kana kwamba inasema "ruhusu hizi, kataa nyingine". Haisemi hivyo! Ni orodha ya zinazolindwa, basi.

Tulikaa kwenye kompyuta yake, yenye data za majaribio. Bila kuingia na akaunti yoyote, nikatuma ombi la HEAD (kama GET, ila jibu halina mwili) kwa curl, zana ya kutuma maombi, kwenye kiungo cha kufuta mwanachama. Jibu: 200, yaani limekubaliwa. Tukaangalia jedwali, mwanachama hayupo. HttpServlet (darasa la Java ambalo servlet, yaani msimbo unaojibu maombi, hurithi), usipoiandikia doHead yako, huiita doGet kisha hutupa mwili wa jibu. Kazi yenyewe imeshafanyika. (Kufuta kwa GET nako ni kosa, ila leo nisiliguse.)

Toa mistari ya http-method yote. Sharti litashika kila njia. Kuanzia Servlet 3.1 ya 2013 kuna pia deny-uncovered-http-methods, inayokataa njia zisizotajwa. Mimi huiweka hata pasipohitajika.

Chunga na auth-constraint, sehemu inayotaja nani anaruhusiwa (kila role-name ni jina la kundi la watumiaji). Ikiwa tupu, haingii mtu yeyote. Isipokuwepo kabisa, wanaingia wote. Nimeona watu wakifuta role-name ya mwisho pamoja na auth-constraint yake, wakidhani wamekaza.

FORM na j_security_check, yaani kuingia kwa ukurasa wa fomu, unavijua. Transport-guarantee iwe CONFIDENTIAL (inalazimisha HTTPS), maana Base64 ya BASIC, kuingia kwa kidirisha cha kivinjari, haifichi kitu.

Kinachonisumbua hadi leo ni forward, yaani servlet kupeleka ombi kwa ukurasa mwingine ndani ya seva. Kontena hukagua ombi linalotoka kwa mteja tu. Servlet iliyo wazi ikifanya forward kwenda /admin/, hakuna ukaguzi wa pili. Kwa hiyo mimi huzificha JSP (kurasa zenyewe) chini ya WEB-INF, folda isiyofunguliwa moja kwa moja kutoka nje, na kuita isUserInRole, inayokagua kundi la mtumiaji, ndani ya servlet. Hapo sheria ileile inakaa sehemu mbili, na mtu akibadilisha upande mmoja akasahau wa pili, tumerudi kulekule. Njia safi zaidi ya hiyo sijaipata.