Kidole Kinachocheza Nacho Huvunjika

Umejigonga kidole cha mguu kwenye stuli gizani, kimevimba, na jirani anakwambia: "Kama kinacheza, hakijavunjika." Si kweli. Kidole kilichovunjika mara nyingi bado hucheza, kwa sababu kano zinazokivuta ni nzima. Na usikubali kuchuliwa, hata na bibi mwenye mkono mwepesi. Mfupa uliopasuka unaweza kusogea.

Kidole kidogo kilichonyooka hufungwa kwa plasta pamoja na mwenzake, pamba katikati, nawe ukavaa kiatu chenye soli ngumu. Hupona kwa wiki 4 hadi 6. Lakini kidole gumba, au chochote kilichopinda, chenye jeraha, kilichokufa ganzi au kuwa baridi, ni cha hospitali leo hii. Mwenye kisukari aende vyovyote kilivyo.