Ngozi Nayo Hupata Upweke

Kliniki ya presha ilikuwa imejaa asubuhi ile. Mzee mmoja, mgane, alifunguliwa kitambaa cha kipimo mkononi, akaandikiwa namba zake kwenye kadi, akaambiwa tayari. Hakuinuka. Mkono wake ulibaki pale pale mezani, kiganja kikitazama juu. Muuguzi alipomuuliza kama kuna mahali panapouma, alijibu taratibu: "Hapana, mwanangu. Ila tangu tumzike mama watoto, wanaonishika ni nyinyi tu."

Kazi yangu ni ushauri nasaha, na maneno kama hayo nimeyasikia kwa wajane, kwa vijana waliokwenda kufanya kazi ugenini, na kwa wanaume waliozoea kusema hawahitaji kitu. Wengi huja wakilalamikia usingizi, kifua kubana, au hasira za ghafla. Ni wachache mno wanaotamka kwamba wiki kadhaa zimepita bila kuguswa na mtu. Neno lenyewe, kuguswa, tumewaachia wapenzi, kwa hiyo mtu mzima akilitaja huona haya, kana kwamba ameomba kitu kibaya. Haya hiyo inaumiza watu, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Kuwa peke yako na kuwa mpweke ni mambo mawili. Anayeishi peke yake kwa hiari anaweza kuwa na moyo mkunjufu, na anayeishi katika nyumba iliyojaa watu akawa mpweke kupindukia. Upweke ni pengo kati ya ukaribu unaouhitaji na ule unaoupata. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 ilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke, na kwamba hali hiyo inahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka. Mtu wa namna hiyo tunamwambia ajikaze, apige simu, ajiunge na kikundi. Simu na kikundi ni ushauri mzuri, ila ngozi yake hatuiulizi.

Ndani ya ngozi kuna nyuzi za fahamu za aina nyingi. Zipo ziendazo mbio, zinazoupa ubongo habari za kitu tulichoshika: ni kigumu au laini, kipo kidoleni au kiganjani. Zipo nyingine nyembamba, zisizo na utando wa mafuta, ambazo ujumbe wake husafiri mita 1 hivi kwa sekunde. Hizi hupatikana hasa kwenye ngozi yenye malaika, yaani vinyweleo, kama ya mikono, uso na mgongo. Ukizibana au ukizisugua harakaharaka hazichangamki sana. Huitika zaidi zinapopapaswa polepole, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na kitu chenye joto la ngozi ya binadamu, nyuzijoto 32 hivi.

Sasa mtazame mzazi anayembembeleza mtoto alale. Hakuna aliyempimia mwendo, lakini kiganja chake hupita mgongoni mwa mtoto kwa kasi hiyo hiyo. Na ujumbe wa nyuzi hizo hufika insula, sehemu ya ubongo inayoshughulikia jinsi tunavyojisikia ndani ya mwili. Mwili una njia yake maalumu ya kupokea mguso wa upole, na njia hiyo haifungwi tunapokua.

Mwaka 2006 mtafiti James Coan na wenzake huko Marekani waliwalaza wanawake 16 wenye ndoa ndani ya MRI, mashine inayoonyesha ubongo ukifanya kazi, wakawaonya kwamba huenda wakapigwa shoti ndogo ya umeme. Waliposhika mkono wa mume, sehemu za ubongo zinazokabiliana na hatari zilitulia. Hilo wengi wangelitarajia. Mimi hunivutia zaidi kwamba hata mkono wa mtu wasiyemjua ulileta nafuu, ingawa ndogo.

Kwa mtoto njiti hakuna anayebisha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey alianza kuwafunga njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu mashine za kuwatunzia hazikutosha. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza waanze kubebwa hivyo mara baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Tunakubali kwamba mguso humwokoa mtoto wa kilo moja na nusu, halafu tunadhani mzee wa kilo sitini hauhitaji tena.

Uchambuzi wa tafiti zaidi ya 130 uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mguso hupunguza maumivu, wasiwasi na sonona. Watoto wachanga walinufaika zaidi na mikono ya wazazi wao. Kwa watu wazima, mkono wa mhudumu wa afya ulisaidia kama wa mtu wa karibu. Tena kuguswa mara nyingi kulisaidia kuliko kuguswa kwa muda mrefu. Mkono begani kila siku, basi, si jambo dogo.

Ridhaa, hata hivyo, huja kwanza. Kuna waliowahi kuumizwa kwa mikono ya watu, na kuna ambao mguso huwakera kwa jinsi walivyoumbwa. Uliza: "Nikukumbatie?" Akisita, acha, na usimwombe maelezo. Mtoto anayekataa kukumbatiwa na mgeni aachwe vivyo hivyo. Na wewe mwenye kiu hiyo, anza na yule ambaye tayari mnaaminiana, umwambie kwa maneno mepesi: "Dada, kaa hapa karibu, unishike mkono kidogo." Najua sentensi hiyo ni nzito kuitoa mara ya kwanza. Wengi niliowashauri waliijaribu na ndugu au rafiki, wakakuta mwenzao naye alikuwa akiisubiri.

Kwa wanaotunza wagonjwa na wazee: mkono unaogeuza, unaoosha na unaochoma sindano una haraka yake, na mgonjwa huijua. Ukimaliza kazi, uache mkono wako pale kidogo, akipenda.

Muuguzi yule alivuta kiti akakaa. "Baba, nikushike?" Mzee akaitikia kwa kichwa. Walikaa hivyo dakika mbili hivi, foleni ikisubiri, kisha akaita namba iliyofuata.